Insulini inabisha hodi, seli ya mafuta haisikii

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama mnaopika na kulinda afya ya jamaa yote, leo ukurasa huu hautasema juu ya kofia ya mgodi wala juu ya vumbi. Tutasema juu ya ugonjwa wa sukari wa aina ya pili, ule unaoshika hasa watu wazima. Ugonjwa huu hauna kelele. Haumwangukii mtu kama jiwe la dari ya mgodi. Lakini mwisho wake waweza kuwa mbaya vilevile: mguu kukatwa, macho kuzimika, figo kuacha kazi.

Tukisikia kwamba mtu fulani ana sukari, maneno huwa mengi. Mmoja atasema: alikuwa anatia sukari nyingi katika chai. Mwingine atasema: jirani amemroga, kwa sababu alipandishwa cheo. Wa tatu, ambaye amesoma kidogo, atasema: mwili wake umekosa insulini. Huyu wa tatu ndiye aliye karibu na ukweli, lakini hata yeye hajafika. Katika miaka ya kwanza ya ugonjwa wa aina ya pili, wagonjwa wengi wana insulini ndani ya damu, na mara nyingi wanayo nyingi kuliko mtu asiye mgonjwa. Sasa, kama insulini iko, na tena ni nyingi, kwa nini sukari inazidi kupanda? Jibu liko ndani ya misuli, ndani ya ini, na mahali pengine ambapo wengi hawapafikirii: ndani ya mafuta ya tumbo letu.

Kijiko kimoja cha sukari

Mtu mzima ana lita tano za damu hivi. Asubuhi, kabla hajala kitu, sukari yote iliyomo ndani ya damu hiyo ni gramu tano hivi, yaani kijiko kidogo kimoja cha chai. Sasa chukua chupa ya santilita 33 ya kile kinywaji tunachokiita sucré. Mara nyingi ndani yake mna gramu 35 hivi za sukari, vijiko saba. Bukari nayo, ijapokuwa haina utamu mdomoni, ikifika tumboni hugeuka kuwa glukozi, na glukozi ndiyo sukari ya damu. Kama vyote hivyo vingebaki ndani ya damu, sisi sote tungekuwa wagonjwa kabla ya saa sita ya mchana.

Havibaki, kwa sababu nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho, na kazi yake mojawapo ni kutoa insulini kila tunapokula. Insulini inatembea pamoja na damu katika mwili mzima na kubisha hodi kwa seli, ambazo wengine huziita selule, yaani vile vipande vidogo vyenye uhai ambavyo mwili umejengwa navyo. Misuli ikisikia, inafungua milango na kupokea sukari. Ndiyo inayopokea sehemu kubwa kabisa. Ini likisikia, linaacha kumwaga katika damu sukari ya akiba yake. Seli ya mafuta nayo inapokea sukari, lakini kidogo tu. Kazi yake kubwa ni nyingine: ikisikia insulini inafunga ghala, ili mafuta yaliyomo yasitoke ovyo kuingia katika damu.

Tusidharau seli hiyo. Ni kubwa kuliko seli nyingi za mwili. Upana wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na karibu nafasi yake yote imejazwa na tone moja la mafuta. Vyombo vyake vingine vimesukumwa pembeni, kama watu waliojaza nyumba magunia hata wenyewe wanalala karibu na ukuta.

Mambo haya yalijulikana polepole. Insulini yenyewe ilipatikana katika mji wa Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921, na tarehe 11 ya mwezi wa kwanza mwaka 1922 kijana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, alipigwa sindano ya kwanza. Watu wakafikiri kwamba kitendawili kimekwisha: anayekosa insulini apewe insulini. Lakini mwaka 1936 munganga mmoja wa London, Harold Himsworth, aliwanywesha wagonjwa wake glukozi na papo hapo akawapiga sindano ya insulini. Kwa wengine sukari ilizuiwa. Kwa wengine ilipanda tu, kana kwamba hakuna sindano iliyopigwa. Halafu mwaka 1960, huko New York, Rosalyn Yalow na Solomon Berson walieleza njia ya kupima insulini ndani ya damu, wakaona kwamba wagonjwa wengi waliougua wakiwa watu wazima walikuwa nayo ya kutosha. Yalow alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1977. Berson alikuwa amekwisha kufa.

Kwa hiyo hodi inapigwa. Nani asiyesikia, na kwa nini?

Kengele ya kisima

Waliofanya kazi chini ya ardhi, Kipushi au Kamoto, wanajua desturi ya kengele. Mtu aliye chini anapiga kengele kumwambia mashinisti wa juu apandishe kaji. Kaji haiondoki mara moja. Kengele hurudishwa: wa juu anajibu alama ileile, ili kila mtu awe na hakika kwamba neno limesikiwa na limesikiwa vizuri. Hapo ndipo kamba inavuta. Kama jibu halirudi, kila mtu anasimama na kungoja.

Seli ya mafuta inafanya kazi kwa namna inayofanana na hiyo. Juu ya ngozi yake kuna vipokezi, ndizo kengele ambazo insulini inapiga. Kipokezi kikiguswa kinaamsha protini moja ndani ya seli, ambayo wanasayansi wameiita IRS1. Huyo IRS1 ni msikilizaji wa kwanza. Anampasha mwingine, naye anampasha mwingine, neno linapita mkono kwa mkono mpaka kufika ndani kabisa, mahali milango ya sukari inapowekwa. Ndiyo, milango hiyo, jina lake GLUT4, haikai ukutani siku zote. Mwaka 1980 wachunguzi wa Marekani, wakitumia seli za mafuta za panya, walionyesha kwamba milango inakaa ndani ya seli kama katika stoo, na insulini ikibisha, inasukumwa mpaka ukutani ili sukari iingie. Insulini ikiondoka, milango inarudishwa stoo.

Lakini mwanadamu si panya. Kwa hiyo katika mji wa Linköping, nchini Sweden, kikundi cha Peter Strålfors kilichukua njia iliyo ngumu zaidi. Wanawake waliokuwa wakipasuliwa tumbo kwa sababu nyingine walikubali kutoa kipande kidogo cha mafuta ya chini ya ngozi. Wengine wao walikuwa na ugonjwa wa sukari wa aina ya pili, wengine hawakuwa nao. Seli zilitenganishwa, zikawekwa katika maji yenye joto la mwili, zikatiwa insulini, na wachunguzi wakapima neno linavyopita, kituo kwa kituo, dakika kwa dakika. Halafu wenzao wa hesabu, pamoja na Gunnar Cedersund, wakaandika safari hiyo yote kwa hesabu ndani ya kompyuta, ili kuona ni kosa gani hasa linaloweza kueleza vipimo vyote kwa mara moja.

Walichokiandika mwaka 2013 ni hiki. Katika seli za wagonjwa, vipokezi vimepungua. Milango ya GLUT4 nayo imepungua kufika karibu nusu. Lakini mambo hayo mawili hayatoshi kueleza uziwi wote. Kilichokuwa cha maana zaidi ni jibu la kengele. Katika seli ya mtu mwenye afya, neno likifika mbali ndani, protini nyingine, mTORC1, inarudisha habari kwa yule msikilizaji wa kwanza, kama kumwambia: tumesikia huku, endelea, ongeza nguvu. Kwa mgonjwa jibu hilo limefifia sana. IRS1 anabaki peke yake mlangoni, anasikia hodi lakini hapati moyo wa kuipeleka mbele. Basi milango michache iliyobaki nayo inasukumwa bila nguvu.

Hapo tunaelewa kwa nini kumwongezea mgonjwa wa namna hii insulini peke yake ni kama kupiga kengele kwa nyundo. Kongosho lenyewe ndilo linafanya hivyo: likiona sukari haishuki, linapiga zaidi na zaidi. Kwa muda wa miaka mingi mtu anaweza kuishi hivyo, sukari yake ikionekana nzuri katika kipimo, huku kongosho likifanya kazi ya watu wawili. Siku linapochoka ndipo sukari inapanda, na mtu anasema: ugonjwa umenishika jana. Haukumshika jana.

Ghala likijaa

Kuna uchunguzi mwingine wa Sweden ambao sisi watu wa Katanga hatuwezi kuupita bila kusimama kidogo. Urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilitumiwa kwa sehemu kubwa katika mabomu ya kwanza ya Marekani ya mwaka 1945. Wazee wa kwetu wanajua habari hiyo. Baada ya vita, mataifa makubwa yaliendelea kujaribu mabomu ya namna hiyo juu ya ardhi, hasa mpaka mwaka 1963, na mabomu hayo yakaongeza hewani aina moja ya kaboni iitwayo kaboni-14. Majani yakaivuta, wanyama wakala majani, watu wakala vyote viwili. Kwa hiyo kila seli iliyozaliwa wakati ule ilipata alama ya mwaka wake. Mwaka 2008, Kirsty Spalding na wenzake wa Stockholm walisoma alama hiyo ndani ya seli za mafuta za watu. Wakaona kwamba hesabu ya seli za mafuta inawekwa katika utoto na ujana, na katika utu uzima haibadiliki sana. Kila mwaka karibu sehemu moja ya kumi inakufa na nyingine inazaliwa mahali pake, lakini jumla inabaki ileile, hata mtu akikonda.

Maana yake kwetu ni hii: mtu mzima akinenepa, si hasa kwamba anajenga maghala mapya. Anajaza yale yale ya zamani mpaka kuta zinavimba. Na seli iliyovimba mno ndiyo inayokuwa kiziwi kwa insulini. Ikishakuwa kiziwi haifungi tena mlango wa ghala. Mafuta yanavuja katika damu usiku na mchana, yanakwenda kulala mahali ambapo si pake, yaani ndani ya ini na ndani ya misuli. Ini lenye mafuta nalo linakuwa kiziwi na linamwaga sukari hata wakati mtu hajala. Ndiyo maana mgonjwa anaamka asubuhi na sukari ya juu, naye anaapa kwamba hakugusa chakula tangu jioni. Hasemi uongo.

Lakini tusimtazame mtu kwa macho tu. Ukubwa wa ghala si sawa kwa watu wote. Kuna mama mnene ambaye sukari yake ni nzuri mpaka uzee, na kuna baba mwembamba, mwenye tumbo dogo tu juu ya mshipi, ambaye ghala lake limekwisha kujaa. Mafuta ya ndani ya tumbo yana hatari kuliko yale ya mapaja na matako. Kwa hiyo mshipi wa suruali unasema kweli kuliko kilo: kama kila mwaka unatoboa tundu jipya, nenda kupimwa. Na ile desturi ya kusifu kitambi kana kwamba ni cheo, tungefanya vizuri kuiacha.

Posti ya usiku

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa sisi wa kazi za zamu. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Josiane Broussard na wenzake walichukua watu saba, vijana wenye afya, wembamba. Kwa siku nne waliwaacha kulala vizuri, saa nane na nusu kitandani kila usiku. Wakati mwingine, kwa siku nne, waliwapa saa nne na nusu tu. Chakula kilikuwa kilekile. Kila mara waliwatoa kipande kidogo cha mafuta ya tumbo na kukijaribu kwa insulini. Baada ya siku nne za usingizi mfupi, usikivu wa seli za mafuta ulikuwa umeshuka kwa asilimia 30. Siku nne tu, kwa kijana asiye na ugonjwa.

Uchunguzi ulikuwa wa watu wachache, ni kweli, lakini unapatana na yale yaliyoonekana kwa wafanyakazi wengi wa nchi mbalimbali: watu wa posti ya usiku wanapata ugonjwa wa sukari kuliko wale wa mchana. Hatuwezi kusimamisha mgodi usiku. Lakini nyumba inaweza kusaidia. Baba akirudi asubuhi kutoka posti ya usiku, usingizi wake ni dawa kama kidonge. Mama atafute namna chumba kiwe na giza, redio ipunguzwe, wageni na mambo ya madeni wangojee mchana. Naye baba asipitie kwanza kwenye bia na marafiki halafu kulala saa tatu na kuamka na kichwa kizito. Tena, usiku kazini, sucré tatu za kufukuza usingizi ni vijiko 21 vya sukari vinavyoingia ndani ya mwili uliokwisha kuwa nusu kiziwi. Maji yanatosha.

Mlango wa nyuma

Habari njema ni kwamba misuli ina njia ya pili. Mtu anapotembea, anapolima au anapopanda baiskeli, misuli inayofanya kazi inasukuma milango yake ya GLUT4 ukutani bila kungoja insulini, na jambo hilo linafanyika hata kwa mgonjwa wa sukari. Ni kama mlango wa nyuma ambao funguo yake haikuharibika. Baada ya mwendo, misuli inabaki sikivu kwa saa nyingi, mara nyingi mpaka kesho yake. Ndiyo maana kutembea kidogo kidogo kila siku kunapita mchezo wa mpira mmoja kwa mwezi. Mtu anayekaa siku nzima ndani ya kabine ya kamioni kubwa au ya mashine ya kuchimba, amechoka kweli akirudi nyumbani, lakini misuli yake ya miguu haikufanya kazi. Huyo ndiye anayehitaji kutembea zaidi, ijapokuwa yeye ndiye anayejiona amefanya kazi ngumu.

Mwaka 2002 uchunguzi mkubwa wa Marekani ulichapishwa, juu ya watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa. Wale waliofundishwa kula vizuri, kupunguza kidogo uzito na kutembea kwa nguvu dakika 150 kwa juma walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Wale waliopewa vidonge vya metformini waliipunguza kwa asilimia 31. Halafu Uingereza, mwaka 2017, Mike Lean na Roy Taylor walitangaza habari iliyoshangaza waganga wengi. Walichukua watu ambao ugonjwa wao haukuwa umepita miaka sita na ambao hawakuwa bado kwenye insulini, wakawapunguza uzito kwa chakula kidogo chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, karibu nusu yao, asilimia 46, walikuwa na sukari nzuri bila dawa yoyote. Waliopunguza kilo 15 au zaidi, asilimia 86. Ghala lilipopata nafasi, mafuta yalitoka katika ini na kongosho, na viungo vikaanza kusikia tena.

Hatusemi kwamba kila mtu atapona hivyo. Baada ya miaka miwili wengine walikuwa wamerudi kwenye ugonjwa, na aliyeugua miaka kumi na tano hana kongosho lilelile. Tena mtu asiache dawa peke yake kwa sababu amesoma gazeti. Na mtoto au kijana mwenye sukari ya aina ya kwanza, ambaye kongosho lake limeacha kabisa kutoa insulini, huyo akiacha sindano anakufa kwa siku chache. Hiyo si habari ya leo, lakini lazima tuiseme, kwa maana kuna wazazi waliodanganywa.

Jikoni basi, tufanye nini? Bukari hatutaiacha, nani angekubali? Lakini bonge liwe la ngumi moja au moja na nusu, si mlima, na nafasi iliyobaki ijazwe na sombe, matembele, lengalenga, maharage, samaki. Mafuta ya ngazi yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka chupani. Mikate ya mafuta ya asubuhi pamoja na chai ya sukari ni chakula cha siku moja moja. Wala msimpikie mgonjwa sufuria yake peke yake kama mtu aliyetengwa. Chakula chake ndicho kinachofaa jamaa yote, na watoto ndio wanaojenga sasa maghala watakayokuwa nayo maisha yote.

Juu ya dawa za majani tunaulizwa mara nyingi. Si kila mti ni uongo. Hiyo metformini yenyewe ilitokana na uchunguzi wa mmea mmoja wa Ulaya uitwao galega, na ni munganga Mfaransa, Jean Sterne, aliyeitangaza mwaka 1957 kwa wagonjwa wa sukari. Lakini mmea wenyewe huua kondoo. Waganga walitafuta kitu kinachofanana na kilichomo, wakakipima, wakajua kiasi. Mfumu anayekupa chupa bila kipimo na kukuambia uache vidonge, hata kama ana moyo mwema, hajui anakupa nini.

Msifiche

Sasa neno kwa wafanyakazi peke yao. Wengine wanajua kwamba wana sukari na wanaficha kwa munganga wa kazi, wakiogopa kuondolewa kwenye kamioni au kwenye mashine. Tunaelewa woga huo. Nyumba inalishwa na kazi. Lakini fikiri vizuri. Mtu anayekula chakula cha kipimo na kumeza metformini peke yake ni nadra sukari yake kushuka ghafula. Hatari kubwa iko kwa yule anayetumia insulini, au vidonge vya namna ya glibenklamidi vinavyolisukuma kongosho, akafanya kazi bila kula, au akanywa bia juu ya tumbo tupu. Huyo anaweza kupoteza akili akiwa ameshika usukani. Munganga akijua, anaweza kubadili dawa, saa za kula, au posti kwa muda. Asipojua, hawezi kitu.

Wengi hawajui kama wanayo. Kiu isiyoisha, kukojoa usiku mara nyingi, macho yenye ukungu, kidonda kisichofunga, miguu inayowasha kama chungu wanapita juu yake, hizo ni alama. Lakini miaka ya kwanza mara nyingi hakuna alama hata moja. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula ndicho kinachosema. Chini ya miligramu 100 kwa desilita ni vizuri. Kutoka 100 mpaka 125 ni onyo, na ndio wakati ambao kutembea na kupunguza tumbo kunalipa zaidi. Kikifika 126, yaani gramu 1,26 kwa lita, mara mbili kwa siku mbalimbali, ni ugonjwa. Mwenye umri wa miaka 40 au zaidi, mwenye baba au mama aliyeugua, mama aliyepata sukari wakati wa mimba, hao wasingoje.

Mabote yenu pia. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu inaua mishipa ya fahamu ya miguu, na mtu anaweza kutembea posti nzima na jiwe dogo ndani ya bote bila kulisikia. Kabla ya kuvaa, geuza bote, likung'ute, tia mkono ndani. Ukirudi nyumbani, osha miguu, kausha katikati ya vidole, na mtu wa nyumbani atazame nyayo kwa taa. Kidonda hata kidogo kama mbegu ya nyanya kipelekwe dispansere siku hiyohiyo.

Na mwenzako akianza kutetemeka kazini, kutoka jasho la baridi, kusema maneno yasiyo na maana kama mlevi, naye unajua anatumia dawa ya sukari, usimcheke na usimwache aende kupumzika peke yake. Simamisha mashine. Mpe sukari: vijiko vitatu vidogo ndani ya maji, au nusu ya chupa ya sucré, ya sukari kweli, si ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, mpe tena kiasi kilekile, na akirudiwa na akili ale chakula. Kama amezimia, usimtie kitu mdomoni hata tone la maji. Mlaze kwa ubavu, mmoja abaki naye, mwingine akimbie kuita watu wa msaada wa kwanza na kuwaambia tangu mwanzo kwamba ni mtu wa sukari.